Mapenzi Hayapimwi kwa Kaburi

Imekuwa ada ya wasemaji wetu, wawe walimu wa fasihi au watunzi wa hadithi za mahaba, kwamba wakitaka mfano wa pendo lisilo na doa huvuka bahari hadi kwa Wayunani wa kale, na wakifika huko humchagua mtu aliyekufa. Hutuambia kuwa Alcestis alipenda kwa sababu alikufa badala ya mumewe. Kuwa Achilles alikuwa mwandani wa kweli kwa sababu alikubali kumfuata Patroclus kaburini. Na kwamba shujaa ni yule ambaye, uhai wake na mpenzi wake vikiwekwa katika mizani, huutupa uhai bila ya kusita. Itikadi hii imeenea mno, na uzuri wake wa juu juu umewafanya watu wengi waipokee pasipo kudai shahidi. Mimi naipinga; na katika kuipinga sitaleta ushahidi wa mataifa mengine wala wa zama zetu, bali nitawaita barazani mashahidi walewale wanaotajwa na wapinzani wangu, maana nina yakini kwamba wakiulizwa wenyewe watatoa habari nyingine kabisa.

Itikadi hiyo ina wakili wake wa zamani, na ni haki asikilizwe kwanza. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Karamu, ambacho kisa chake kimewekwa mwaka 416 K.K., wageni wamekutana Athens nyumbani kwa Agathon, mtunzi wa tanzia, kushangilia ushindi wake wa kwanza. Wengi wao wangali na uzito wa ulevi wa jana, basi wanapatana kunywa kwa kiasi, mpiga zumari anaambiwa aende zake, na kila mmoja anatakiwa kutoa hotuba ya kumsifu Eros, mungu wa mapenzi. Anayetangulia kusema ni Phaedrus. Yeye hushika kwamba hakuna awezaye kuridhia kufa kwa ajili ya mwenziwe ila apendaye, na huleta mifano mitatu: Alcestis, ambaye miungu waliistahi roho yake wakairudisha duniani, Achilles, ambaye walimtukuza wakampeleka katika visiwa vya waliobarikiwa, na Orpheus, ambaye walimfukuza kuzimu mikono mitupu, wamemwonyesha kivuli tu cha mkewe, kwa kuwa alikuwa mpiga kinubi mlegevu aliyefanya hila ya kuingia kuzimu yu hai badala ya kuthubutu kufa. Hotuba ni fasaha, na ufasaha wake ndio ulioifikisha mpaka kwetu. Lakini ufasaha si burhani.

Tuanze na Alcestis, kwani yeye ndiye aliyedhulumiwa kuliko wote kwa kusifiwa. Admetus, mfalme wa Pherae katika nchi ya Thessaly, alipata fadhila kutoka kwa Apollo ya kwamba ajali yake itakapofika aweza kutoa mtu mwingine afe mahali pake. Akawazungukia wote wanaompenda, akawaomba baba na mama waliokwisha kula chumvi nyingi, nao wakakataa. Akakubali mkewe peke yake. Euripides aliionyesha hadithi hii jukwaani Athens mwaka 438 K.K., tena aliiweka mahali pa mchezo wa nne, pale ambapo watazamaji walizoea kuletewa mzaha baada ya tanzia tatu, jambo ambalo peke yake lingetosha kumtia mtu tahadhari kabla ya kuyachukua mambo yake yote kama wasia wa ndoa.

Mtunzi huyo hakutuonyesha mwanamke anayekimbilia mauti kwa furaha. Mjakazi anatoka nje kutueleza yaliyopita ndani siku hiyo: bibi ameoga kwa maji ya mto, ametoa nguo na mapambo katika sanduku la mwerezi, amesimama mbele ya meko akiwaombea wanawe, wa kiume apate mke ampendaye na wa kike apate mume mwungwana, kisha amezunguka madhabahu zote za nyumba akizipamba kwa matawi ya mhadasi, hana chozi wala kite. Lakini alipoingia chumbani na kukiona kitanda alianguka juu yake, akakibusu, akakilowesha kwa machozi, akatoka, akarudi, akatoka tena, akarudi tena. Watoto wakimng'ang'ania nguo, naye akiwakumbatia mmoja baada ya mmoja. Na watumishi wa nyumba akawapa wote mkono wa kwaheri, wala hakuwako hata mmoja aliyekuwa mnyonge mno hata asisemeshwe. Hapo namwona mtu anayejua thamani ya kila anachokiacha, na anayeachishwa kwa nguvu. Anayetaka kutwambia kuwa pendo lake lilianza kuonekana pale tu alipokata roho hakuutazama mchezo huu. Alisikia habari zake njiani.

Na anapopata nafasi ya kumwomba mumewe ahadi, anaomba nini? Haombi afuatwe, wala haombi ajengewe sanamu, ingawa sanamu ni kitu ambacho Admetus, kwa wingi wa huzuni yake na uhaba wa busara yake, anaahidi kukichongesha na kukilaza kitandani. Anaomba watoto wasiletewe mama wa kambo. Ombi hilo haliwezi kutimizwa na maiti. Lahitaji mtu aliye hai, anayeamka asubuhi na kukumbuka alichoahidi.

Sasa atazamwe yule aliyefaidika. Waswahili husema kufa kufaana, lakini sidhani kwamba wa kwanza kuisema alimkusudia mume. Mzee Pheres, babaye Admetus, anakuja mazikoni na sadaka za marehemu mkononi, na mwanawe anamfukuza kwa matusi kwa kuwa hakukubali kufa. Mzee naye hajibu kwa upole. Anamwambia kwamba yeye alimzaa na kumlea, lakini hakuna sheria ya mababa inayomlazimu kumfia. Kwamba ikiwa kijana anaupenda mwanga wa jua, asidhani mzee anauchukia. Na kwamba amevumbua hila nzuri ya kutokufa kamwe, ikiwa kila mke atakayemwoa atamshawishi afe badala yake. Pheres si mtu wa kupendeza, na mtunzi hakukusudia tumpende; walakini hakuna mtu katika mchezo ule anayeweza kumjibu. Admetus mwenyewe, arudipo kutoka makaburini na kusimama mbele ya mlango wa nyumba isiyo na mtu, anakiri kwamba sasa tu ndipo amefahamu, kuwa nasibu ya mkewe ni njema kuliko yake, na kuwa watu watamnyoshea kidole wakisema yule ndiye anayeishi kwa aibu. Lau kifo cha mke kingekuwa kilele cha mapenzi, basi mpendwa aliyekipokea angetoka nacho tajiri. Ametoka fukara.

Wapinzani wangu watasema kwamba mwisho Alcestis alirudi, na kurudi huko ni tunzo ya miungu. Hivyo ndivyo asemavyo Phaedrus. Euripides asema vingine: aliyemrudisha ni Heracles, mgeni apitaye njia kuwafuata farasi wa Diomedes kule Thrace, aliyekaribishwa nyumbani bila ya kuambiwa kwamba aliyekufa ni mke wa mwenyeji, akala, akalewa, akaimba, hata mtumishi mmoja kwa uchungu akamtolea siri, ndipo alipoona haya, akaenda kumvizia Mauti kaburini, akamkamata kwa mikono miwili, akapigana naye mieleka. Aliye hai ndiye aliyemwokoa aliyekufa. Alimwokoa kwa mabavu yake, na kwa haya ya mgeni aliyekosa adabu katika nyumba ya kilio.

Kwa Achilles shauri ni zito zaidi, maana Iliad haina mzaha. Inasemwa kwamba alimpenda Patroclus hata akachagua kufa. Kwa hakika alichagua. Mamaye Thetis alimwambia wazi kwamba ajali yake itafuata upesi nyuma ya ajali ya Hector, shujaa wa Troy aliyemwua Patroclus, naye hakurudi nyuma. Lakini msomaji mwaminifu hawezi kuyaruka yaliyotangulia. Achilles alikuwa amejitenga na vita kwa ghadhabu, kwa sababu Agamemnon alimnyang'anya Briseis. Akakaa penye merikebu zake akiwaangalia wenzake wakichinjwa. Na Patroclus alipokuja akilia, hakuondoka yeye, bali alimvika rafiki silaha zake akamtuma. Alimwonya asifike kwenye kuta za Troy, akamwomba Zeus amrejeshe salama, na Zeus akamjalia nusu ya dua. Baada ya hapo Achilles akagaagaa mavumbini na kumwambia mamaye, kwa kinywa chake, kwamba hakumfaa kitu mwenzake saa alipohitajiwa. Haya ni majuto, na majuto ni mjukuu. Siwezi kuyadharau, kwani mtu asiye na majuto juu ya jambo kama hilo angekuwa mnyama. Lakini kuyaita majuto kilele cha uaminifu ni kuisahau siku ambayo uaminifu ulikuwa ungali wawezekana.

Tena majuto hayo yalizaa nini? Yalimfanya auburute mwili wa Hector nyuma ya gari, na awachinje vijana kumi na wawili wa Troy juu ya kuni za maziko ya Patroclus, tendo ambalo Homer mwenyewe hulitaja kuwa ni ovu. Ushujaa wa Achilles, kwa kadiri niuonavyo, hauko pale. Uko katika kitabu cha mwisho, usiku ule mzee Priam, babaye Hector, alipoingia hemani mwake, akaibusu mikono iliyowaua wanawe, na Achilles akamkumbuka baba yake Peleus aliye peke yake ng'ambo ya bahari. Wakalia wote wawili, kila mmoja kwa wake. Kisha akamwinua mzee, akamwandalia chakula, akampa maiti ya mwanawe na siku kumi na moja za sulhu za kulia na kuzika. Hapo hakufa mtu. Kazi iliyofanyika hapo ni ngumu kuliko kufa, na kwa hakika kuliko kuua.

Na kama bado kuna tashwishi, Achilles ametoa ushahidi wake baada ya kufa. Katika Odyssey, Odysseus anakutana naye katika nchi ya wafu, anamsifu kwa kuwa sultani huko kama alivyokuwa duniani, naye anakataa sifa hiyo: afadhali awe kibarua duniani, wa mtu maskini asiye na shamba, kuliko kuwatawala wafu wote. Kisha anaulizia habari za wawili tu, baba yake na mwanawe, kama mzee bado anastahiwa na kijana anapigana vema, na anaposikia habari za kijana anaondoka kwa hatua ndefu amejaa furaha. Visiwa vya waliobarikiwa, alivyovitaja Phaedrus, Homer hampeleki huko.

Katika Karamu ileile, kurasa kadhaa mbele, Socrates anasimulia maneno ya bibi mmoja wa Mantinea, Diotima, aliyemfundisha mambo ya mapenzi. Naye anasema kwamba Alcestis asingekufa wala Achilles asingemfuata mwenzake kama wasingetumaini kukumbukwa dahari kwa wema wao. Yaani Plato amemweka wakili wa kufa mbele, akamweka na wa kumpinga nyuma yake, na watu wamesoma wa mbele wakafunga kitabu. Mimi kwa upande wangu namwona Diotima amemwonea Alcestis, ambaye hakuna neno lake katika mchezo linaloonyesha alitafuta fahari zaidi ya usalama wa wanawe; lakini juu ya Achilles sina la kumjibu.

Orpheus sitamkalisha. Alikuwa na mke aliyekufa na ala ya muziki; akachukua alichonacho akaenda kumdai. Kumwita mwoga kwa kuwa hakujiua ni kama kumlaumu mwokozi wa baharini kwa kutozama.

Nakubali kwamba wapinzani wangu wana hoja moja nzito, nayo haimo katika hekaya bali katika tarehe. Phaedrus alisema jeshi la wapenzi lingeushinda ulimwengu wote, na Thebes iliunda jeshi la namna hiyo: watu 300, jozi 150 kwa masimulizi ya wazee, wakipigana bega kwa bega, waliowekwa na Gorgidas na kutukuzwa chini ya Pelopidas. Mwaka 338 K.K., Philip wa Makedonia alipowavunja Wayunani huko Chaeronea, hao hawakukimbia. Walianguka mahali waliposimama, na Plutarch asimulia kuwa Philip mwenyewe alilia alipoiona miili yao. Katika karne ya kumi na tisa wachimbaji walifukua kaburi lililo chini ya simba wa mawe mahali pale, wakakuta mifupa ya watu 254 imelazwa safu safu. Sina moyo wa kuzungumza kwa ubishi mbele ya kaburi hilo.

Lakini nauliza: siku ya Leuctra, mwaka 371 K.K., jeshi hilohilo lilipoivunja Sparta iliyokuwa haijawahi kuvunjwa hivyo, na wapenzi wengi wakarudi nyumbani wakiwa wazima, je, siku hiyo hawakupendana? Kama kufa ndiko kulikowathibitishia mapenzi yao, basi miaka yote zaidi ya thelathini waliyolindana ngao kwa ngao ilikuwa ni ngoja ngoja tu ya Chaeronea, na hakuna askari atakayekubali neno hilo. Plutarch huyohuyo anasimulia kisa kingine cha Thebes ambacho hakitajwi sana: Pelopidas akiwa kijana alianguka vitani kwa majeraha saba, na Epaminondas, akidhani rafiki yake amekwisha kufa, alisimama juu yake amkinge, akapata jeraha la mkuki kifuani na la upanga mkononi, hata mfalme wa Sparta, aliyekuwa upande wao siku hiyo, akaja kuwaokoa wote wawili. Waliishi, wakaitawala Thebes pamoja miaka mingi bila ya husuda, na Plutarch aonapo ajabu huona katika hilo la pili, kwamba watu wawili wenye madaraka hawakuoneana kijicho. Mimi pia.

Tena wapenda makaburi hawawahesabu waliobaki. Euripides, ambaye inaonekana jambo hili halikumwacha alale, alitunga mchezo mwingine, Waombaji, ambamo Evadne, mjane wa Capaneus, anapanda jabali lililo juu ya moto unaouunguza mwili wa mumewe, amevaa kama bibi harusi, anatangaza kwamba atawashinda wanawake wote kwa wema, na anajirusha. Watu wengi wangekomesha hadithi hapo. Mtunzi amemweka chini ya jabali baba yake, mzee Iphis, aliyetoka nyumbani kumtafuta binti, ambaye tayari amempoteza mwana wa kiume katika vita hivyo hivyo. Anamsihi ashuke, hasikilizwi. Kisha mzee anabaki kuuliza aende wapi: nyumbani, kwenye vyumba vitupu, alikozoea kujiwa na binti aliyemvuta shavu na kulibusu na kukishika kichwa chake mikononi? Evadne alisema amewashinda wanawake wote kwa wema. Huyu mzee hakushindana na mtu.

Sasa niwataje wawili ambao Phaedrus, pamoja na ufasaha wake wote, hakuwataja. Odysseus alikaa miaka saba katika kisiwa cha mungu wa kike Calypso, akaahidiwa asife wala asizeeke. Naye akajibu kwamba anajua mkewe Penelope hafikii uzuri wa mungu huyo wala kimo chake, na kwamba ni mja wa kufa, lakini anataka kwenda kwao. Akapewa shoka, tezo na keekee. Akaangusha miti ishirini, akaichonga, akaipiga kamba ya kunyoosha, akaitoboa na kuiunga, akaiwekea mlingoti na foromali na usukani, na siku ya tano akaondoka na chelezo chake. Sisemi kuwa alikuwa mume mwema kwa kila hesabu. Alilala kwa Calypso, alikaa mwaka mzima kwa Circe, na aliporudi kwake wajakazi kumi na wawili walinyongwa kwa kosa la kulala na waposaji, hukumu ambayo asiyeiona dhuluma yake asijitie kuzungumza juu ya uaminifu. Lakini katika hekaya zote za Wayunani simjui mwingine aliyepewa kutokufa akakukataa kwa ajili ya mke anayezeeka.

Penelope naye husifiwa kwa kungoja, kana kwamba kungoja ni kukaa. Waposaji walikuwa 108, wakila mifugo yake kila siku. Aliwazuia miaka mitatu kwa sanda ya mkwewe Laertes, mchana akifuma na usiku akifumua kwa mwanga wa mienge, hata mjakazi mmoja akaitoa siri. Alipokwisha kulazimishwa kuimaliza, aliwatoza zawadi za nguo na vito ili warudishe kidogo katika walichokula. Aliweka shindano la upinde ambao hawakuweza kuupinda. Na mgeni alipokwisha kuwaua wote na kujitaja kuwa ndiye Odysseus, hakumrukia shingoni; alimwamuru mjakazi mzee Eurycleia akitoe kitanda chumbani amtandikie mgeni nje, akijua kwamba mumewe alikijenga kitanda hicho juu ya kisiki cha mzeituni wenye mizizi ardhini na hakitoki. Mgeni akakasirika, na kwa hasira hiyo akajulikana. Mwanamke aliyeweza kumlaghai mlaghai mkuu wa Wayunani wote, baada ya miaka ishirini, kwa sentensi moja, hawezi kuitwa mwenye kukaa.

Usiku huo, kabla ya kulala, Odysseus akamwambia kwamba safari haijaisha, kwamba amebashiriwa kwenda na kasia begani mpaka kwa watu wasioijua bahari; Penelope akataka aelezwe habari hiyo papo hapo, wala asiahirishe, kwa kuwa ataijua tu. Na kulipokucha mumewe hakumwambia neno la mahaba. Alimwambia aitunze mali ya nyumba, kwamba kondoo walioliwa na waposaji atawarudisha, wengine kwa kuteka na wengine kwa kutolewa na watu wa mji, mpaka mazizi yajae. Kisha akavaa silaha zake akatoka kwenda shambani kumwona baba yake.